Kipimajoto cha bastola sio feki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Watu wanapima na vipimajoto viwili, kimoja kinasoma 36.2 kingine 37.1, basi hapohapo wanaamua kimoja ni kibovu, na mara nyingi lawama inaangukia kile cha bastola kinachoelekezwa kwenye paji la uso. Jamani, hivi vifaa havipimi kitu kimoja.

Kile cha kioo kina zebaki, ikipata joto inatanuka na kupanda kwenye kamrija kembamba, halafu pale chini kuna sehemu imebanwa ili zebaki isirudi ukikitoa kwapani, ndo maana lazima ukikung'ute kabla ya kupima tena. Kinataka dakika kadhaa kwa sababu kinasoma joto lake chenyewe, na hilo lazima kwanza lilingane na la mwili, kwa hiyo ukikitoa mapema umepima kipimajoto, hujampima mgonjwa. Vya dijitali vina thamista kwenye ncha, yaani kidude cha umeme kinachohisi joto, joto likipanda ukinzani wake wa umeme unashuka na chipu inageuza hiyo kuwa namba, na vingine havisubiri joto litulie, vinakadiria linakoelekea, ndo vinalia haraka.

Sasa bastola. Kila kitu chenye joto kinatoa mionzi ya infraredi, ile isiyoonekana kwa macho, hata mwili wako, na bastola inapokea tu hiyo mionzi kupitia lenzi. Haipigi chochote kichwani! Nasisitiza hapa kwa sababu wakati wa korona mwaka 2020 ulisambaa uvumi kwamba inaunguza ubongo na watu wakawa wananyoosha mkono ndo upimwe badala ya paji, ambapo mkono unaweza kuwa wa baridi kabisa huku mtu ana homa. Inachosoma ni ngozi ya juu, halafu kifaa kinapiga hesabu kukisia joto la ndani, kwa hiyo jasho linalokauka, jua ulilotoka kutembea, nywele, au kusimama mbali kuliko maelekezo ya kifaa, vyote vinaharibu namba. Na nyingi zina sehemu mbili za kuchagua, kupima mwili na kupima vitu, ikiachwa kwenye vitu haipigi ile hesabu na namba inatoka chini.

Sisemi turudi kwenye zebaki, ni sumu kipimajoto kikivunjika, na Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza vipimajoto hivyo, ukiacha matumizi machache maalumu.

Ninachoomba ni kwamba mkiandika habari za homa msitupe namba peke yake. 37.8 ya kwapani na 37.8 ya mdomoni hazina uzito mmoja, kwapa kwa kawaida linasoma chini. Semeni imepimwa wapi na kwa kifaa gani, na wauguzi nao waandike hivyohivyo kwenye kadi ya mgonjwa, maana wa zamu inayofuata akija na kifaa kingine atajuaje kama homa imeshuka kweli?

Msomaji wenu