Stima ya usiku iwafikie wanabodaboda

Mhariri,

Mimi ni mwendeshaji bodaboda hapa Karagita, Naivasha. Kazi yangu huanza saa 11 alfajiri, kuwapeleka wafanyakazi kwenye mashamba ya maua kando ya ziwa. Saa hiyo ukitazama upande wa Olkaria, kwenye mitambo inayozalisha stima kwa jotoardhi, yaani mvuke wa moto kutoka chini ya ardhi, unaona mvuke mweupe umesimama juu ya vilima. Sehemu ya mvuke huo ni ule uliokosa kazi usiku. Kisima cha jotoardhi hakifungwi na kufunguliwa kama mfereji wa maji. Watu wakishazima taa na kulala, mvuke huendelea kupanda, na usiohitajika huachiliwa hewani. Kuchimba kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola, na deni lake hulipwa hata saa 8 za usiku.

Petroli nayo yote hutoka nje. Kiwanda cha Mombasa kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na tangu hapo tunaletewa yakiwa tayari, kwa dola. Oktoba 2023 lita moja ilipita shilingi 217 jijini Nairobi. Mimi wakati huo nilikuwa nachoma lita tatu kwa siku. Kulikuwa na jioni nilizofika nyumbani na shilingi 300 mfukoni baada ya saa 14 barabarani, na watoto wakiniuliza unga uko wapi. Ndipo nikachukua mkopo wa pikipiki ya stima, na sijutii hata siku moja. Haina oili ya kubadilisha wala plagi ya kusafisha, na kifua changu kimepumzika moshi.

Ninachotaka kuzungumzia ni bei ya hiyo stima.

Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA, iliweka bei maalum ya kuchaji vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 saa za usiku ambapo mahitaji yamepungua, kabla ya tozo na kodi. Uamuzi ule ulikuwa wa busara na nawashukuru waliouandika. Pikipiki yangu hula takriban yuniti nne kwa kilomita 100. Kwa bei ya usiku hizo ni shilingi 32, na hata ukiongeza tozo zote bado ni pesa ya chai na mandazi. Safari hiyohiyo kwa petroli, lita ikiwa shilingi 180, haipungui 450.

Lakini bei hiyo inahitaji mita maalum ya kuchajia peke yake, na wengi wetu tunaishi kwenye ploti za kupanga. Mita ni ya mwenye ploti, tokeni tunachangiana vyumba vyote, na wangu alinikataza kabisa kuchaji betri ndani. Simlaumu, maana majirani wangegombana naye kwa haki. Kwa hiyo ninategemea kituo cha kubadilishia betri. Kila ninapobadilisha betri nalipa zaidi ya shilingi 200, na siku yenye kazi nabadilisha mara mbili. Ndani ya betri moja kuna stima isiyofika yuniti tatu. Najua kituo kina kodi ya nyumba, walinzi na wafanyakazi, na betri yenyewe ni ghali na huchakaa. Hata hivyo, ile nafuu ya shilingi 8 iliyotolewa kwa jina letu inaishia mlangoni pa kituo. Na kituo kikikosa betri, kama kilivyokosa siku tatu mfululizo mwezi uliopita, pikipiki inalala, kwa sababu betri ya kampuni nyingine haiingii.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi. Aliye na mita yake ya kawaida nyumbani hununua tokeni kwa bei ileile saa 2 usiku na saa 8 usiku, na ukijumlisha tozo yuniti hupita shilingi 20. Basi akifika nyumbani jioni huchomeka palepale, saa ambayo nchi nzima inapika, inatazama taarifa ya habari na kupiga pasi sare za shule. Hiyo ndiyo saa gridi inapolemewa na stima inapokatwa mitaani. Pikipiki mia zikichajiwa saa hiyo ni mzigo. Zikichajiwa saa 6 usiku zinakula mvuke ambao ungemwagwa. Tofauti iko kwenye saa tu, na hakuna atakayesubiri saa 6 ikiwa halipwi chochote kwa kusubiri.

Hazina nayo ina hofu yake, na ni ya kweli: tangu Julai 2024 kila lita ya mafuta hubeba shilingi 25 za kukarabati barabara, na sisi wa stima hatuzilipi ingawa tunapita barabara zilezile. Tutozwe. Ila tutozwe baada ya stima ya bei nafuu kutufikia, isiwe kabla.

Ombi langu kwa EPRA na kwa Wizara ya Nishati ni moja. Ruhusuni steji ya bodaboda isajiliwe kama mteja wa bei ya usiku, iwe na mita moja inayotambua saa na rafu ya kuchajia yenye kufuli. Steji yetu ina wanachama 34, na 11 tayari wako kwenye pikipiki za stima. Tumeshakubaliana kuchanga gharama ya mita na waya, na kanisa lililo karibu limetupa kona ya uwanja wake bila kodi. Nguzo ya stima iko hatua 20 kutoka hapo. Tunangoja tu kuambiwa fomu ipi tujaze na tuipeleke wapi.

Mwendeshaji bodaboda,
Karagita, Naivasha