Spea za hita za zamani ziulizwe kwa vipimo, si kwa jina la kiwanda

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie hita za maji za zamani zilizomo kwenye nyumba, gesti na hosteli nyingi hapa Tabora. Kila kipupwe kinapoingia zinang'olewa na kuuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa sababu dukani wamejibu: "Spea hakuna, hiyo kampuni ilishaacha kuzitengeneza." Mara nyingi spea ipo. Imeulizwa kwa jina la kiwanda, wakati viwanda vingi vya hita hununua elementi (chuma kinachopasha maji) na themostati (kidhibiti joto) kwa watengenezaji wale wale, kwa saizi zile zile. Jina likifa, saizi inabaki.

Tuanze na elementi, maana ndiyo hufa kwanza. Zima umeme kwenye swichi kuu, hakikisha kwa testa, toa nyaya za elementi, kisha pima ncha zake mbili kwa multimita, kile kipimo cha umeme. Elementi nzima ya wati 1500 kwa umeme wetu wa volti 230 husoma takriban omu 35; ya wati 2000 husoma 26; ya wati 3000 husoma 18. Isiposoma chochote, imekatika. Ikisoma kati ya ncha zake na bomba lake la nje, inavujisha umeme na haifai hata kama bado inachemsha maji.

Ukiifungua, pima kwa kaliperi kipenyo cha nje cha sehemu yenye nyuzi za kukazia. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Nyuzi hizi huitwa kwa saizi ya bomba, si kwa upana unaouona. Milimita 42 ni inchi moja na robo, milimita 48 ni inchi moja na nusu, na zile pana za milimita 66, za matanki ya mtindo wa Kiingereza, ni inchi mbili na robo. Anayepima milimita 42 kwa futi kamba huona inchi moja na zaidi kidogo ya nusu, akaomba ya inchi moja na nusu, akarudi nyumbani na kitu kisichoingia. Kama elementi yako imefungwa kwa sahani na bolti, hesabu bolti, pima umbali kati ya tundu na tundu, na pima kipenyo cha sahani. Sahani ikikosekana kabisa dukani, fundi wa kukereza vyuma anaweza kuchonga nyingine, mradi umpelekee ile ya zamani na gasketi yake (mpira wa kuzuia kuvuja).

Andika pia urefu wa elementi na namna ilivyopinda. Ndefu kupita kiasi hugusa ukuta wa tanki, na iliyopinda kuelekea juu hubaki nje ya maji kwenye tanki la kulala, ikaungua siku ya kwanza. Wati zisizidi za mwanzo. Elementi ya wati 3000 huvuta ampea 13 mfululizo. Ukiiunga kwenye soketi ya kawaida, plagi inaweza kuyeyuka. Ipewe waya wake wa milimita mraba 2.5 na breka yake.

Themostati ya fimbo hutafutwa kwa urefu wa fimbo: inchi 7, 11 au 18 ndizo zinazopatikana zaidi, na nyingine ni za milimita 270. Fimbo ndefu kuliko mfuko wake, yaani bomba inamoingia, haikai, na vituo vyake havigusani sawasawa na elementi. Hapo huanza cheche. Chagua yenye kikatio cha pili cha joto, kile chenye kitufe cha kubonyeza. Tafadhali, fundi yeyote asiunge nyaya moja kwa moja ati themostati imekosekana. Maji yatachemka ndani ya tanki lililofungwa, na nyumba ina watoto.

Valvu ya usalama, inayopunguza shinikizo la tanki, nayo inaonewa. Hudondosha maji wakati hita inawaka, mwenye nyumba akadhani imeharibika, akaiziba kwa plagi. Lita 50 zikipashwa kutoka nyuzijoto 20 hadi 60 huongezeka kama robo tatu ya lita, na ongezeko hilo lazima litoke mahali. Nyingi ni za nusu inchi na shinikizo la bar 8, lakini soma kwanza kibao cha tanki, kile chenye maelezo ya kiwanda. Matanki mengine ya zamani hayahimili hizo.

Ukishalifungua tanki, itazame fimbo ya magnesiamu, ile inayoliwa na kutu badala ya tanki. Ikiwa imeliwa hadi waya wa katikati unaonekana, nunua nyingine yenye nyuzi za M5, M6 au M8 (yaani milimita 5, 6 au 8) kama ilivyokuwa. Bila hiyo, kutu hugeukia tanki lenyewe. Gasketi usikate kwenye tyubu ya baiskeli, kwani hulainika kwa joto na kuvuja ndani ya muda mfupi. Tumia mpira wa silikoni, na kaza bolti moja kisha ile inayoikabili upande wa pili, kidogo kidogo.

Tanki likitoboka, hapo kweli limekwisha. Kulichomelea hupasua enameli, ule utando wa ndani unaozuia kutu, na kutu huanzia pale pale. Toa themostati, valvu na sahani yake, uvihifadhi kwa ajili ya hita nyingine.

Ombi langu kwa wenye maduka ya vifaa vya umeme hapa mjini, na wenzao wa Kigoma: andikeni kwenye rafu saizi ya nyuzi, wati na urefu wa fimbo, na mruhusu mteja afungue boksi alinganishe na kipande alichokuja nacho mkononi. Na mnapoagiza Kariakoo, tumeni picha ya kipande kikiwa kando ya rula, pamoja na picha ya kibao cha tanki, badala ya kutaja jina la kampuni peke yake.

Fundi umeme na mabomba,
Isevya, Tabora