Mwenye siku moja Milan aende Bergamo

Kwa Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu matembezi ya siku moja kwa treni kutoka Milan, na ninawashukuru kwa kuichapisha, kwa kuwa watu wa Pwani wanaokwenda Italia, wengine kuwatembelea jamaa na wengine kwa biashara, wanahitaji mwongozo wa namna hiyo kwa lugha yao. Hata hivyo, siafiki ushauri wake mkuu, kwamba aliyebakiwa na siku moja ya mapumziko apande treni ya mwendokasi hadi Venice na kurudi jioni. Rai yangu ni kwamba aende Bergamo, mji wa kilimani ulio karibu na Milan, na kwa mtu wa Mombasa hoja hiyo ina uzito wa pekee.

Tuanze na muda. Kutoka Milan hadi Venice ni mwendo wa karibu saa mbili na nusu kwa treni ya kasi, yaani saa tano hivi za siku hiyo zitapotea njiani, na mgeni atafika wakati vichochoro vimeshajaa watu. Tiketi za treni hizo zina nambari ya kiti na saa maalumu, bei zake aghalabu hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia, na aliyenunua ya bei nafuu hulazimika kuichunga saa yake mchana kutwa asije akaachwa. Isitoshe, tangu mwaka 2024 mji wa Venice hutoza ada wageni wa mchana katika baadhi ya siku za mwaka. Venice ni mji wa kulala walau usiku mmoja, ili mtu auone jioni wageni wa mchana wakishaondoka.

Treni ya kawaida ya kwenda Bergamo huondoka katika stesheni ile ile ya Milano Centrale na huchukua kama dakika hamsini. Nauli yake hupangwa kwa umbali, kwa hivyo aliyenunua juma moja kabla na aliyenunua asubuhi hiyo hulipa sawa, na hakuna kiti cha kuwekewa. Sisi tuliozoea kukata tiketi ya Madaraka Express mapema, kisha kuonyesha kitambulisho na kukaguliwa mizigo pale Miritini, huenda tukadhani kuna jambo tumelisahau, lakini hakuna. La kuzingatia ni moja tu: tiketi ya karatasi lazima igongwe mhuri kwenye mashine ndogo zilizo karibu na majukwaa kabla ya kupanda, la sivyo mkaguzi anaweza kukutoza faini hata kama ulilipa nauli kamili.

Sasa nije kwenye sababu inayotuhusu sisi hasa. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa amri ya Wareno, lakini aliyeichora ramani yake ni Giovanni Battista Cairati, mzaliwa wa Milan. Katika karne hiyo mizinga ilikuwa imezishinda kuta ndefu zilizosimama wima, na mafundi wa Italia wakabuni kuta fupi, nene, zenye mteremko, zikiwa na buruji zilizochongoka pembeni ili wapiga mizinga walio katika buruji moja waweze kuulinda uso wa ukuta ulio chini ya buruji nyingine, adui asipate mahali pa kujificha. Bergamo, uliokuwa chini ya utawala wa Venice, ulianza kuzungushiwa ukuta wa aina hiyo mwaka 1561. Ukuta huo una urefu wa kilomita sita hivi, na ili kuupisha zilivunjwa nyumba nyingi pamoja na kanisa kuu la Sant'Alessandro. Sidai kwamba Cairati alishiriki kuujenga. Ninachosema ni kwamba elimu ni ile ile, na umri wa ngome hizi mbili umekaribiana sana.

Msomaji aliyewahi kusimama Fort Jesus kwenye buruji ya San Felipe akatazama upande wa buruji ya San Alberto, akaona jinsi ukuta unavyoingia ndani kisha ukajitokeza tena, ataitambua mipango hiyo mara moja atakapofika Bergamo, karibu na lango la Porta San Giacomo. Kwetu ni jiwe la matumbawe, na handaki lilichimbwa katika mwamba wenyewe. Kule lango ni la mawe meupe yenye wekundu kidogo, na sehemu ya mji iliyo chini ya kilima imetandazwa mbele yako. Tofauti kubwa ni historia: ukuta wa Bergamo haukuwahi kuzingirwa na adui, ilhali ngome yetu ilihimili mazingiwa tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698.

Kutoka stesheni, barabara moja iliyonyooka hukufikisha chini ya kilima, na hapo kuna kigari cha reli kinachovutwa kwa kamba ya chuma, kilichoanza kazi mwaka 1887, kinachopanda hadi mji wa juu, ule uliozungukwa na ukuta. Kutembea juu ya ukuta hakulipiwi. Chakula cha kule ni polenta, ambayo ni kama sima ya mahindi ya manjano. Ila Waislamu wawe macho na casoncelli, yaani tambi zilizojazwa nyama, kwa kuwa kwa desturi huandaliwa kwa nyama ya nguruwe.

Kabla ya kuondoka, mtu aulize kama kuna mgomo, maana migomo ya reli Italia ni ya mara kwa mara, ingawa hutangazwa mapema. Katika siku za kazi, baadhi ya treni hulazimika kwenda hata wakati wa mgomo, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku.

Ninaomba, Mhariri, makala zenu zijazo za safari ziwe zikitaja muda wa njiani kwenda na kurudi, na aina ya treni, kando ya jina la kila mji unaopendekezwa.

Msomaji wenu,
Kibokoni, Mombasa