Mafuta ya roketi yanatunzwaje njiani miaka saba?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo ukurasa wa barua. Makala yenu ya safari za sayari za mbali nimeisoma yote na imenifurahisha, ila imeongelea injini mwanzo mwisho, mafuta yanatunzwaje huko njiani hakuna hata sentensi moja, na mimi kazi yangu ni uhimilishaji wa ng'ombe huku Arumeru, yaani kuwapandikiza mbegu za dume kwa mrija, mtungi wa naitrojeni wa kuzitunza mbegu hizo niko nao kwenye pikipiki kila siku, kwa hiyo hilo pengo nililiona haraka sana.

Naitrojeni ya kimiminika tunayojaza kwenye kituo cha taifa cha uhimilishaji pale Usa River iko nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi wake una kuta mbili na katikati hewa imenyonywa, ni ubunifu wa James Dewar wa mwaka 1892, chupa ya chai ya nyumbani imetokana na huo huo. Na bado inapungua! Hata usipoufungua inapungua tu, joto linaingilia shingoni. Kifuniko chenyewe hakikazwi, kimeachwa kimelegea makusudi, ukikiziba presha inapanda mpaka mtungi unapasuka. Ikikauka mbegu zote zimekufa na kwa macho huwezi kujua, mfugaji anasubiri ndama ambaye hayupo. Sisi angalau tunarudi Usa kujaza. Chombo kinachoenda Zohali kitajaza wapi?

Cassini, chombo cha utafiti kisicho na watu, iliondoka 1997 ikafika Zohali 2004. Zaidi ya nusu ya uzito wake ilikuwa mafuta, na ilitumia yale yasiyohitaji baridi kali, yana sumu lakini yanakaa miaka bila shida. Haidrojeni na oksijeni za kimiminika zinasukuma vizuri zaidi, kwa kilo ile ile unapata kama asilimia 40 ya ziada, maana yake vifaa vingi zaidi vya utafiti vinafika. Oksijeni sina wasiwasi nayo sana, nyuzi 183 chini ya sifuri, hiyo hata naitrojeni yetu ni baridi kuliko hiyo. Shida ni haidrojeni, nyuzi 253, tena nyepesi mno kwa hiyo tangi lazima liwe kubwa na tangi kubwa linapokea joto jingi. Apollo 11 waliitumia mwaka 1969 lakini pale roketi ilikaa kwenye mzunguko wa dunia chini ya masaa matatu tu ndo ikawashwa tena kwenda mwezini. Masaa matatu na miaka saba ni vitu viwili tofauti kabisa jamani.

Halafu huko hakuna juu wala chini, kimiminika na mvuke wake vinaelea pamoja ndani ya tangi, ukifungua vali upunguze presha unaweza kumwaga mafuta yenyewe.

Njia zipo lakini. Kwanza kivuli, darubini ya James Webb iliyorushwa Desemba 2021 ina ngao ya tabaka tano na upande wa kivulini unashuka chini ya nyuzi 220 za baridi. Na ukifika Zohali jua ni kama moja ya mia ya hili letu, kwa hiyo safari ya mbali kwa upande huo inakusaidia, japo umeme wa sola nao unakuwa mdogo kule na mashine za kupoza zinataka umeme. Mashine hizo NASA walizijaribu kwenye kituo cha anga za juu, lita 42 za methani ya kimiminika zikakaa miezi minne bila kupungua, mpaka Aprili 2019 mashine zilipoharibika ikabidi methani yote iachiwe nje. Mimi hapo ndipo naona kazi yenyewe ilipo, mashine ya kupoza isiyokufa miaka saba, kuliko hata hiyo injini.

Sasa ombi langu. Tengeru tuna Taasisi ya Nelson Mandela, Usa River tuna watu wanaoshika ubaridi huu kila siku, kutoka hapa hadi pale ni daladala moja tu. Mtume mwandishi aongee na pande zote mbili kisha muandike makala ya ubaridi, vijana wa fizikia wanaosoma gazeti hili wajue kuna fani kama hii na inaanzia hapa hapa kwetu. Mkihitaji mtu wa kumwonyesha mwandishi mtungi unavyojazwa, mimi nipo.

Mhimilishaji,
Arumeru, Arusha