Yah: Malalamiko kuhusu dima mliyofunga kwenye tyubu za ukumbi wetu

Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninasimamia ukumbi wa harusi na mikutano hapa Tanga. Mwezi Januari niliwalipa kwa kazi moja: tyubu zetu 24 za wati 36 ziweze kupunguzwa mwanga na kurudishwa. Fundi wenu alifunga dima ya kuzungusha ukutani, akaziacha balasti zilezile za zamani (vifaa vinavyodhibiti umeme wa tyubu) ndani ya taa, akaenda zake.

Tangu hapo tukiizungusha hadi nusu, ukumbi mzima unapepesa. Mama mmoja wa bwana harusi aliniuliza kama ndiyo mtindo mpya. Sasa tyubu 9 zimekuwa nyeusi nchani na 2 haziwaki kabisa. Kwenye simu mkanijibu kuwa tyubu zangu ni feki.

Jamani, nilikuwa fundi umeme kabla ya kushika kazi hii. Dima mliyoleta ni ya globu. Inakata kipande cha kila wimbi la umeme, na globu haijali, kwa kuwa ni waya tu unaopata moto: ukipata umeme kidogo, unang'aa kidogo. Tyubu mwanga wake unatokana na umeme unaopita kwenye gesi. Ukiukatakata, unazimika na kulazimika kuwaka upya kila nusu wimbi, yaani mara 100 kwa sekunde. Filamenti, yaani nyaya ndogo zilizo ndani ya ncha za tyubu, nazo zinapoa, dawa iliyopakwa juu yake inabanduka na kuganda kwenye kioo. Weusi mnaouita ufeki ndio huo.

Kilichotakiwa ni balasti za elektroniki za kupunguza mwanga. Hizo zinageuza umeme wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, kuwa wa makumi ya maelfu ya hezi. Idadi hiyo ya mawimbi ikipandishwa, koili iliyo ndani ya balasti inaubana mkondo zaidi na mwanga unashuka, huku filamenti zikiendelea kupashwa moto. Balasti za namna hiyo huongozwa na nyaya mbili za volti 1 hadi 10. Darini kwetu hakuna hata uzi wa nyaya hizo, ingawa risiti yenu imeandikwa "mfumo wa kupunguza mwanga wa tyubu".

Naomba mbadilishe balasti zote 12, mvute nyaya hizo na mtulipe tyubu 11, bila gharama kwetu, ndani ya siku 14. Vinginevyo nirudishiwe fedha zote. Tyubu mpya zikifungwa ziachwe ziwake kwa nguvu zote saa 100 kwanza, na tafadhali msimtume fundi yuleyule.

Wenu,
Msimamizi wa Ukumbi