Kuimba namba si kujua kuhesabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumze na wazazi wenzangu wenye watoto ambao bado hawajaingia darasa la kwanza, kuhusu namna tunavyowapima nyumbani. Wengi wetu humwita mtoto mbele ya wageni, tukamwambia ahesabu hadi ishirini, na akimaliza bila kukosea tunampigia makofi na kuridhika kwamba masomo yamemwingia. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka siku nilipomtuma binti yangu wa miaka minne, ambaye namba alikuwa akiziimba bila kukwama, aniletee vijiko vitano. Alirudi na vyote alivyoweza kufumbata. Nikamwomba avihesabu, akavigusa kimoja kimoja, vingine mara mbili, akafika kumi na moja ilhali vilikuwa vinane. Nilipomuuliza, "Kwa hiyo ni vingapi, mwanangu?" alianza upya: moja, mbili, tatu.

Huko kuanza upya ndiko kulikonifumbua macho. Anayejua kuhesabu ameelewa mambo mawili ambayo wimbo hauwezi kumpa: kwamba kila kitu hupewa namba moja tu, na kwamba namba aliyoishia ndiyo idadi ya vitu vyote. Watoto huyafikia hayo polepole, wengi wao kati ya miaka mitatu na mitano, na aletaye viwili bila shida anaweza kubabaika kwa vitatu kwa miezi kadhaa. Hata akishavuka hapo, ukivitandaza vijiko vile vile kwa nafasi pana zaidi, huenda akakuambia kwamba vimeongezeka. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alilichunguza jambo hilo katika karne iliyopita, na kwa umri huo ni kawaida kabisa, wala haistahili mtoto kukaripiwa.

Kwa sababu hiyo naamini kwamba kipimo cha kweli kimo katika shughuli za kila siku: kugawa vikombe, kufunga vifungo, kusimulia upya hadithi ya jana usiku. Katika hadithi msikilize kama anafuata mtiririko wa matukio, si kama amekariri maneno yako. Michoro yake nayo itunze, ukiandika tarehe nyuma ya kila karatasi, kwani aliyekuwa akichora duara tu akiwa na miaka mitatu kwa kawaida ataweza kunakili mraba atakapokaribia mitano, na ukiiweka michoro hiyo pamoja utamlinganisha na nafsi yake mwenyewe badala ya mtoto wa jirani. Ukiona haitiki anapoitwa kwa nyuma, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, usingoje. Mpeleke kwa daktari.

Walimu wa awali nawaomba kitu kimoja. Ripoti yenye alama ya vema mbele ya neno "hesabu" hainiambii lolote. Niandikieni mlichomwona akikifanya.

Mimi niliacha maswali, maana binti yangu alikuwa ameanza kuvificha vijiko kila akiniona naingia jikoni. Miezi mitatu baadaye alikuwa akiandaa meza bila kutumwa. Aliweka vijiko vinne, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Bado kimoja," akaenda kukileta. Niliiandika tarehe hiyo daftarini.

Wako katika malezi,
Mzazi na msomaji wa gazeti lako