Mtoto kaambiwa baba kenda dago, na mama yumo edani

Assalaam alaykum Mhariri,

Sisi ni walimu washauri wa skuli za msingi hapa Wete, Pemba. Tunaendesha vikao vya watoto waliofiwa, na tunaomba ushauri wa walimu wenzetu, wa masheikh, na wa kinamama waliokaa eda wakiwa na watoto wadogo.

Kikundi kina watoto 6 hadi 8 wanaokaribiana umri, saa moja kila wiki kwa wiki 8. Wanachora, wanaulizana, wanajaza kikasha cha kumbukumbu. Hayo yanakwenda. Panapokwama ni kabla ya kikao cha kwanza: mlezi anatakiwa aje, akae na mwalimu nusu saa, aseme mtoto kaambiwa nini, ili ya skulini yasije yakapishana na ya nyumbani.

Mlezi mwenyewe ndiye kizuka, yaani mjane aliyemo edani, hatoki nyumbani. Eda ni miezi 4 na siku 10, au mpaka ajifungue ikiwa ni mjamzito. Anayekuja badala yake ni ami au mjomba, naye hajui kitu, maana siku ya maziko watoto hupelekwa kwa jirani, na wakirudi kila mtu ana lake. Bibi: kalala. Shangazi: kasafiri. Mwengine, kwa huruma tu, kenda dago, yaani kambi ya wavuvi ya mbali.

Hili la dago ndilo baya kuliko yote. Huku kwetu baba huenda dago kweli, wiki kadhaa, akarudi na ng'onda. Mtoto wa miaka 4 au 5 bado hajaelewa kwamba aliyekufa harudi, basi atamngoja pwani. "Kalala" nayo huzaa mtoto anayeogopa kufumba macho usiku. Wa miaka 6 hadi 9 ana lake zaidi: nyumba ikinyamaza, hutafuta sababu mwenyewe, na mara nyingi hujiona yeye ndiye sababu, siku ile alimnunia baba. Hapo ndipo huanza kukojoa kitandani, kuumwa na tumbo ambalo hospitali halionekani, kusinzia darasani. Watu wazima wakimuona anacheza kibe husema keshasahau. Hajasahau, huzuni ya mtoto huja na kuondoka.

Maneno tunayoyafundisha ni machache: "Baba amekufa. Hapumui tena, hasikii njaa wala maumivu. Hatarudi. Wewe hukukosa kitu." Ya dini yafuate hapo hapo. Ila "Mungu kampenda zaidi", ikisemwa peke yake, humfanya mdogo aogope kupendwa. Na mwili usipopatikana, msiba ambao kisiwa hiki kiliujua meli ya MV Spice Islander I ilipozama Septemba 2011, hakuna hata kaburi la kumuonesha.

Sasa maneno hayo ayaseme nani? Mwalimu akitangulia, mtoto anarudi nyumbani na habari ambayo mama hakuwa tayari kuisema, na wiki ya pili haletwi. Kungoja eda imalizike ni kumuacha pwani miezi 4. Tunaona bora mwalimu mwanamke aende nyumbani, mama aseme mwenyewe, yeye akae pembeni. Lakini zipo skuli ambazo mshauri ni mwanamme peke yake, na nyumba yenye kizuka haingii.

Masheikh, mama akitoka mara moja, mchana, kwa haja hii, anaruhusika? Wenzetu, mmewahi kumfundisha bibi au shangazi maneno haya, na mtoto akayasadiki, au aliendelea kumuuliza mama? Kinamama, mlisema siku gani: nyumba ikiwa imejaa watu, au baada ya khitma walipotawanyika?

Na dogo moja la kikasha: nguo za maiti hutolewa sadaka mapema, na vilivyobaki ni mirathi. Mnawaombaje warithi wabakishe kofia au mshipi wa kuvulia kabla vitu havijagawiwa?

Walimu washauri,
Wete, Pemba